Nimeachiwa boksi la vitu vya wacheza gofu wa kike wa Korea, naomba msaada kuvitambua na kuvitunza

binti_wa_pangani:
Habari zenu wanajamvi, wakubwa shikamooni. Naomba mnisaidie kwa hili, najua humu kuna watu wa gofu na watu waliokaa Korea.

Mimi nilisoma Daejeon miaka minne, nikapanga chumba kwa bibi mmoja mjane, nilikuwa namwita halmoni, yaani bibi kwa lugha yao. Huyu bibi hakuwahi kushika fimbo ya gofu maishani mwake lakini wachezaji wa kike wa kwao alikuwa anawafuata kama watoto wake wa kuwazaa, mashindano ya Marekani kule yanaonyeshwa usiku wa manane mpaka asubuhi kwa sababu ya tofauti ya saa, basi mimi nikiamka kuswali alfajiri namkuta sebuleni kajifunika blanketi, chai imepoa, ananiambia kaa hapa huyu mtoto anaongoza. Nilianza kukaa kwa adabu tu, mwaka wa pili nikawa nakaa kwa sababu na mimi nataka kujua nani ameshinda.

Halmoni amefariki mwaka jana. Mwezi huu binti yake amenitumia boksi mpaka hapa Tanga, anasema mama aliacha maagizo kwamba hivi ni vya mtoto wa Afrika. Nimelia sana. Ndani kuna:

kofia ya njano, imevaliwa haswa, ndani ina alama ya jasho na unywele mmoja mweupe bado upo. Taulo nyeusi ina herufi tatu kubwa za Kikorea. Mpira wa gofu una namba 6 imeandikwa kwa kalamu ya wino mwekundu. Bendera ya shimo, ile ya kitambaa, imeandikwa Lancaster 2015 na ina sahihi, hii nakumbuka mwanawe anayeishi Marekani ndiye alimletea. Glovu moja nyeupe ndogo ya mkono wa kushoto, haina maandishi yoyote. Na gazeti zima la Kikorea limekunjwa mara nne, ukurasa wa mbele kuna picha ya msichana amesimama kwenye maji peku anapiga mpira.

Huyo wa kwenye maji namjua ni Pak Se-ri, halmoni aliniambia jina mara elfu, ila vingine sijui vizuri ni vya nani. Pia hapa kwetu unyevu ni mwingi mno, nguo tu za kabatini zinaota ukungu masika, naogopa nitaviua. Nataka nitengeneze kona nyumbani ya kumuenzi yeye na hao wachezaji wake, kaka yangu ni kedi, yaani mbeba mabegi ya wacheza gofu, na kuna mabinti wanne anaowafundisha, Jumapili wanakuja kwangu kula, nataka wavione.

mzee_wa_grini:
Pole sana kwa msiba dadangu. Niko Nairobi, nimecheza hii mchezo tangu miaka ya themanini na hiyo picha naijua hata nikifunga macho.

Hiyo ni US Women's Open 1998, uwanja wa Blackwolf Run huko Kohler, Wisconsin. Se Ri Pak alikuwa na miaka 20 na ni mwaka wake wa kwanza Marekani, alikuwa tayari amebeba LPGA Championship mwezi wa Mei, hiyo ni meja (mashindano makubwa kabisa) ya LPGA, ligi ya wanawake ya Marekani. Siku nne zikaisha akiwa sare na msichana wa chuo, Jenny Chuasiriporn, hata hakuwa amegeuka profesheno, aliingiza mpira wa mbali sana kwa grini (nyasi fupi zinazozunguka shimo) ya mwisho. Wakarudi Jumatatu kucheza mashimo 18 mengine wawili peke yao. Wakafika shimo la mwisho bado wako sare, Pak akapiga tee shot (mkwaju wa kwanza wa shimo) ikaenda kushoto ikalala kwa nyasi pale ukingoni mwa maji. Angeweza kuchukua adhabu ya mkwaju mmoja aendelee. Akakaa chini akavua viatu, akavua soksi, akaingia. Na hapo ndipo watu walishika vichwa, miguu ilikuwa nyeusi kwa jua mpaka kwa kifundo halafu nyayo nyeupe kabisa kama si zake, kila mtu akaelewa huyu mtoto amefanya mazoezi ngapi akiwa amevaa soksi.

Alitoa mpira, wakamaliza hilo shimo sare, wakaenda sudden death, yaani wa kwanza kushinda shimo ndiye bingwa, akashinda shimo la pili. Jumla mashimo 92.

Sasa kwa nini bibi aliweka gazeti miaka yote hiyo. Korea mwisho wa 1997 uchumi ulianguka wakaomba mkopo IMF, watu walifutwa kazi kwa maelfu, mapema 1998 wananchi walikuwa wanapanga laini kupeana dhahabu zao, hata pete za harusi, kusaidia nchi kulipa deni. Halafu katikati ya hiyo giza wanaona msichana wao anaingia kwa maji badala ya kukubali adhabu. Serikali baadaye ilitumia hizo picha kwa tangazo la TV la kutia watu moyo. Kwa hivyo hiyo si gazeti ya michezo, usiwahi ifikiria hivyo.

Na wale wasichana waliotazama usiku huo kule kwao wanaitwa Seri Kids. Inbee Park alikuwa bado hajafikisha miaka 10, alishika fimbo baada ya kuona huo ushindi, 2008 akabeba US Open hiyo hiyo akiwa na miaka 19, 2013 akashinda meja tatu za kwanza za mwaka mfululizo na 2016 akabeba dhahabu ya Olimpiki huko Rio, kocha wa timu akiwa ni Pak mwenyewe. Na Yeon Choi alikuwa na miaka 10, na 2012 mashindano yaliporudi Blackwolf Run ni yeye alishinda, Pak akamngoja kwa grini ya 18 akammwagia shampeni. Nilitazama hiyo na mke wangu, tulinyamaza tu.

kijana_incheon:
Dada pole sana, mi nipo huku Incheon nasoma na wikiendi huwa naenda viwanjani, nikusaidie hizo za mashabiki maana huku ni dunia nyingine kabisa.

Kofia ya njano hiyo karibu nina uhakika ni ya Flying Dumbo, klabu ya mashabiki wa Chun In-gee (wanaandika Chun ila ukitamka hivyo hawakuelewi, sema Jon). Dumbo ni jina lake la utani, yule mtoto wa tembo mwenye masikio makubwa anayeruka, na rangi yao ni njano, akicheza hapa kwao unaona mstari wa njano umezunguka kamba kuanzia shimo la kwanza hadi la mwisho, wengi ni watu wazima, mababu na mabibi na akina mama wenye viti vyao vya kukunja na vyakula vyao. Angalia pembeni mwa kofia kama kuna tembo mdogo ameshonwa. Na bendera ya Lancaster 2015 inaendana nayo kabisa, ile US Open ni yeye aliichukua, ilikuwa mara yake ya kwanza kucheza hayo mashindano, alikuwa na miaka 20, kwa hiyo bibi yako alikuwa mtu wa Dumbo damu damu.

Taulo nyeusi kama herufi ni tatu soma hivi, nam-dal-la. Ni klabu ya Park Sung-hyun, maana yake mimi ni tofauti na wengine, ndo neno lake mwenyewe alikuwa anaandika kwenye begi. Huyo 2017 alikwenda Marekani kama mchezaji mpya wa ligi akachukua US Open na kabla mwaka haujaisha akawa namba moja duniani, alikuwa mchezaji mpya wa kwanza kufika hapo mwaka wake wa kwanza.

Mpira wa 6 ni Lee Jeong-eun. Hapa kuna kitu watu wa nje wanadhani ni utani lakini ni kweli, chama chao cha KLPGA kikiwa na wachezaji wenye jina moja wanawapa namba kwa jinsi walivyojiunga, yeye alikuwa Lee Jeong-eun wa sita, basi akawa Lee Jeong-eun6 na alipokwenda Marekani akaenda nayo hiyo namba rasmi, kwenye ubao wanaandika Jeongeun Lee6. Mashabiki wake wanajiita Lucky 6. Alichukua US Open 2019 kule Charleston, zawadi dola milioni 1. Ila angalia kitu kimoja, mipira yote ina namba ndogo iliyochapwa kiwandani chini ya jina la kampuni, hiyo haina maana yoyote, ya kuangalia ni ile ya mkono. Umesema wino mwekundu kwa mkono, basi naamini ni mpira alioutumia au aliompa mtu.

Glovu sijui, hiyo muulize binti yake.

Kitu cha kushangaza ni bibi kuwa na vitu vya klabu mbili tofauti, huku mashabiki wa Dumbo na wa Namdalla walikuwa wanashindana kushangilia, huoni mtu ana vyote viwili. Inaelekea alikuwa anawapenda wote tu.

mkusanyaji77:
Pole kwa msiba. Mimi nakusanya vitu vya michezo vyenye sahihi kwa miaka kadhaa, naongea kwa nia njema. Bendera ya shimo yenye sahihi ya bingwa wa mwaka huohuo ndicho kitu chenye thamani kubwa kwenye boksi lako. Lakini thamani inategemea uthibitisho. Kuna kampuni kama PSA na JSA za Marekani zinapima sahihi na kutoa cheti, mnunuzi wa mbali bila cheti hakuamini. Kama una hata picha moja ya yule mwanawe akiwa uwanjani siku hiyo, ambatanisha. Ushauri wangu hiyo bendera iuze sasa, hewa ya Tanga itaila, halafu hizo pesa wanunulie hao mabinti fimbo. Kofia, taulo na gazeti baki navyo maana havina soko.

mzee_wa_grini:
Ndugu mkusanyaji nakuheshimu na hiyo ya fimbo najua umesema kwa moyo mzuri, seti ya fimbo ni bei sana huku kwetu na watoto wengi wanaacha sababu hiyo. Lakini nakataa. Huyo mama angetaka iuzwe angeachia mwanawe auze hukohuko, soko liko karibu. Aliituma Tanga.

fundi_fremu_znz:
Asalaam aleikum dada yangu. Mimi natengeneza fremu hapa Unguja, kazi niliachiwa na marehemu baba, na hewa yetu ni hiyohiyo yenu, nimeona picha za harusi na hati za nyumba zilizokufa kwa sababu watu walizipenda kwa njia mbaya. Bendera haitaliwa na hewa ukiiweka sawasawa.

Kwanza gazeti maana ndilo dhaifu kuliko vyote. Karatasi ya gazeti ina asidi ndani yake yenyewe, inageuka njano halafu inakatika kama biskuti, na mwanga ndio unaiharakisha. Usilipeleke kulamineti, nakuomba sana, ile plastiki ya moto ukishaibandika hairudi nyuma. Usiguse selotepu hata kama limechanika. Kulikunjua usilazimishe, liache ndani ya chumba mchana mmoja usio na mvua, likunjue pole pole kwa mikono miwili, lilaze juu ya kadibodi isiyo na asidi, zinauzwa kwa wauza vifaa vya kuchorea, ukikosa niambie nitakutafutia. Halafu lipige picha nzuri, nakala ndiyo uitundike ukutani kwenye mwanga, gazeti lenyewe likae kwenye boksi limelazwa, litolewe siku maalumu. Ukitaka kutundika lenyewe basi lazima kioo kisilibane, kuwe na nafasi kati ya kioo na karatasi, mimi nazungushia kadi nene yenye dirisha, na ukuta usiwe wa nje unaopigwa na mvua.

Bendera usipige gundi, ishonwe kwa uzi mwembamba wa pamba kwenye kitambaa cha nyuma, mishono michache tu ya juu. Sahihi za kalamu za wino mzito zinafifia kwa jua kuliko watu wanavyodhani, nimeona jezi imetundikwa dirishani mwaka mmoja jina limebaki kivuli. Isiguswe na jua kabisa. Glovu ni ngozi, usifue, usipake mafuta, ijaze karatasi nyeupe laini ndani ya vidole ili isisinyae. Taulo fua kama ina harufu, maji baridi, kausha kivulini.

Kofia usifue. Lile jasho ni lake. Na ule unywele uache ulipo.

Vile vipakti vidogo vya chengachenga vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, vikusanye, weka viwili vitatu kwenye kila boksi, ila ujue vinashiba unyevu, kila masika badilisha. Na usitumie vidonge vya nondo (naftalini) karibu na kofia na bendera, weka karafuu kwenye mfuko wa kitambaa pembeni, watu huzitumia kufukuza nondo na zinanukia vizuri.

binti_wa_pangani:
Jamani nawashukuru sana, nasoma huku machozi yananitoka. Kaka wa Incheon tembo yupo! Mdogo kabisa pembeni upande wa kushoto, nilidhani ni doa.

Kaka mkusanyaji nakushukuru kwa moyo mmoja lakini siuzi. Ile ya picha na uthibitisho nitaifanya hata hivyo, nimemwandikia mwanawe, nataka iandikwe nani aliinunua na lini, siyo kwa soko.

Swali lingine, kwenye hiyo kona niandike nini chini ya kila kitu? Nilitaka kuweka majina ya mabingwa na miaka tu.

kedi_mstaafu:
Nami nichangie kidogo. Nilikuwa kedi miaka 22, sasa mgongo umegoma. Huyo Chun In-gee mtoto wa Lancaster mnamsema ameshinda tu lakini mmeacha jambo kubwa. Baada ya kushinda pale hakuondoka akasahau, alirudi pale klabuni wakaanzisha mfuko wa masomo wenye jina lake na la klabu, unalipia masomo makedi na wafanyakazi wa ile klabu na watoto wao. Makedi! Mimi nimebeba mabegi ya watu wakubwa sana, wengine watu wema, lakini sijawahi kusikia bingwa wa dunia anafikiria ada ya mtoto wa kedi wa uwanja aliopita siku nne. Nilivyojua hilo nilimwita mke wangu aje asome na yeye. Andika hilo chini ya bendera dada, kwa herufi kubwa, mabinti wa kaka yako walione kabla ya dola milioni.

Na kwenye kona yako naomba umpe nafasi mmoja ambaye hayumo kwenye boksi, Ku Ok-hee. Kila mtu anaanza na Pak Se-ri lakini Mkorea wa kwanza kushinda shindano la ligi ya LPGA ni huyu, mwaka 1988 huko Arizona, miaka kumi kabla ya yale maji. Kwao Olimpiki ya Seoul ilikuwa mwaka huohuo, habari yake ikapita kimya. Na alianza kama kedi, alikuwa anabeba mabegi akajifunza kwa kuangalia, akawa kwenye kundi la kwanza la wanawake waliopewa uprofesheno Korea 1978. Alifariki Japan 2013. Hakuna kofia yake wala taulo, enzi zake hakukuwa na hizo klabu za mashabiki zenye rangi. Weka hata karatasi yenye jina lake tu, yeye ni wetu.

kijana_incheon:
Mzee shikamoo, hiyo ya Ku Ok-hee hata huku vijana wengi hawaijui, asante sana.

Dada kuhusu cha kuandika, mi ningeandika na bibi alivyopata kila kitu, maana huku mashabiki ndivyo wanavyofanya wakikuonyesha vitu vyao, hawakwambii hii ni ya fulani, wanakwambia hii niliipata shimo la saba mvua ilikuwa inanyesha. Halafu naomba unitumie picha ya gazeti, nione tarehe na kichwa cha habari nikutafsirie.

binti_wa_pangani:
Nimelikunjua jana kama fundi alivyosema, kwa mikono miwili, kaka yangu kashika upande mmoja mimi mwingine, halikuchanika. Nimekutumia picha. Pembeni kabisa mwa ukurasa kuna maandishi ya penseli, ni mkono wa halmoni naujua kwa zile karatasi alizokuwa ananiachia kwenye friji, lakini yamefifia na Kikorea changu cha kusoma mwandiko hakifiki hapo.

Binti yake amejibu kuhusu glovu. Haikuwa ya mchezaji yeyote. Halmoni alijinunulia mwenyewe akiwa na miaka 61, alitaka kujifunza, akaenda mara mbili akaona aibu akaacha.

kijana_incheon:
Dada nimekaa na mwenzangu Mkorea tumelisoma wote. Gazeti ni la tarehe 8 Julai 1998. Kichwa cha habari kinamsifu tu, lakini pembeni kwa penseli ameandika hivi, nakupa kama yalivyo:

"Jana alfajiri. Tumeangalia wote wanne, hakuna aliyelala. Baba Minji amecheka. Mara ya kwanza tangu Desemba."

Kwao mama anamwita mumewe kwa jina la mtoto kama sisi tu, kwa hiyo Baba Minji ni mume wake. Mwenzangu anasema Desemba ile ndio watu walikuwa wanapewa barua za kuachishwa kazi.

binti_wa_pangani:
Hakuwahi kuniambia. Miaka minne tumekaa naye na hakuwahi kuniambia.

Fundi, lile dirisha la kadi ulilosema la kuzungushia gazeti, litaficha pembeni?

fundi_fremu_znz:
Kwa kawaida ndiyo, linafunika kingo sentimita moja hivi kila upande. Lako sitalikata hivyo. Nitakata dirisha kubwa kupita gazeti, kingo zote zionekane, gazeti lishikwe kwa vipande vya karatasi vya kona kwa nyuma bila gundi kuligusa. Nipimie urefu na upana likiwa limekunjuliwa ukurasa mmoja, halafu ongeza sentimita mbili upande ule wenye penseli.

Na ile glovu usiiweke mbali, iweke hapohapo chini yake.